Kitambaa Kilichokauka

To!

Tone moja la maji, usiku, ndani ya kibanda cha vipimo kule kilimani. Mvua hakuna. Mtu hakuna. Asubuhi kitambaa cha kipimajoto cha zamani cha kupimia unyevu, kisichotumika tena, hukutwa kibichi, na wafanyakazi wa kituo cha hali ya hewa wakiulizana nani amekilowesha, kila mmoja hutazama miguu yake.

Nipeni masikio, niwape watu watatu.

Mkamburi, mtunza nyaraka, alijaliwa jicho la kusoma maandishi yaliyofifia. Mghanga alijaliwa hesabu. Namba zilimtii kama mbuzi wanavyomtii mchungaji. Mzee Mwadime, mpimaji, alijaliwa kumbukumbu: mtajie siku yoyote ya miaka arobaini, atakwambia upepo ulitoka wapi.

Zamani kituo hiki kilitoa hesabu: hewa ukaa ikiongezeka maradufu angani, joto la dunia litapanda nyuzi sita. Wakubwa walipoikagua, wakacheka. Sita! Karani aliyeipiga kwa mkono akafukuzwa kwa uzembe, akafa na aibu yake. Kituoni akabaki kuitwa “yule karani.” Kwa sababu ya sita watu walicheka, kwa sababu ya kicheko hawakusikia tena lolote kuhusu joto.

Mwaka huu ikaamriwa hesabu ile irudiwe.

Mkamburi akafungua masanduku, siku tisa akikohoa vumbi. Pembezoni mwa daftari la hesabu ile akakuta maandishi hafifu ya penseli: “Unyevu huu si wa kweli. Kitambaa kilikauka. Nimesema, sikusikilizwa.” Jina halikuwepo.

Mghanga akaruka kitini. “Kitambaa kikikauka, kipimajoto hudanganya kwamba hewa imejaa mvuke. Na mvuke nao hunasa joto! Ndiyo maana hesabu ilivimba.” Kisha akaketi tena, taratibu. “Lakini niondoe siku zipi? Bila siku, haya ni maneno ya penseli tu.”

Wote wakamgeukia Mzee Mwadime. Mzee akasema ana mifugo ya kuangalia, akaenda zake.

Akarudi siku ya tatu, macho mekundu.

“Tarehe tatu Februari hadi ishirini na tano Machi. Siku hamsini na moja. Chupa ya kulowesha kitambaa ilipasuka mikononi mwangu. Nilikuwa mgeni kazini, nikaogopa. Nikaendelea kuandika namba, kana kwamba maji yapo.”

“Mzee! Miaka arobaini?”

“Arobaini. Na kila usiku nalisikia tone.”

Mghanga akaziondoa siku hamsini na moja. Hesabu ikapigwa mara mbili, kwa mikono miwili tofauti, kama desturi ya kituo: kwanza yeye, kisha Mkamburi, bila kuchunguliana. Wakafunua karatasi. Tatu, na tatu. Mkamburi akalisogeza daftari dirishani. Chini ya mstari ule, penseli ile ile ilikuwa imekwisha kuandika: tatu.

Hakuna aliyecheka. Nyuzi tatu si mchezo. Zinatosha kukausha mto.

Basi kituo kipya kikajengwa, nacho kikahitaji jina la mtu mmoja juu ya mlango, kwa heshima ya ukweli uliofufuka.

“La kwangu,” akatania Mkamburi. “Nisingefungua sanduku, mngekuwa mnacheka mpaka leo.”

“Sanduku halijui kujumlisha, dada yangu,” akajibu Mghanga.

“Na wewe ungejumlisha nini bila siku za mzee?”

“Ala! Aliyevunja chungu apewe zawadi kwa kuonyesha vigae?”

Mzee alikuwa hapo hapo. Mghanga akauma ulimi.

“Na yule karani?” akauliza Mkamburi kwa sauti ndogo. “Penseli ile ni yake. Aliyajua yote kabla yetu.”

“Alisema mara moja, akanyamaza,” akasema Mghanga. “Angepiga kelele zaidi. Tena mlango hauandikwi ‘yule karani.’”

Mzee Mwadime akavua kofia.

“Hakunyamaza. Alinijia mimi. Akanisihi niseme ukweli mbele ya wakubwa, nikamkana. Tangu siku hiyo sijathubutu kumtaja.” Akavuta pumzi. “Saru. Aliitwa Saru Mwakio.”

Fundi ameshika brashi, ubao ni mtupu. Aliyeliona andiko, aliyeinyoosha hesabu, aliyekiri kosa lake, au aliyekuwa sahihi akafa bila kusikika? Nyinyi mliosikia, mngeandika jina la nani?