Jina la Mtoto wa Kivimbe

Hapo zamani, juu ya mkuyu, aliishi nyigu mdogo aitwaye Mwanakombo, mwenye haya hata kivuli chake alikipisha njia. Alidunga jani, akataga yai moja humo. Jani likavimba, likawa kivimbe, chumba cha mviringo, na mtoto akakaa ndani akinyonya utomvu.

Mwanakombo akatangaza kwa sauti ndogo: "Atakayemwokoa mwanangu, mtoto atachukua jina lake."

Siku ya kwanza akaja Mashavu, kiwavi mwenye manyoya. Akala jani, akala, akala, akafika kwenye kivimbe. Akakionja, akatema. Kilikuwa kichungu. Mara akatua ndege, aliyekuja kutoboa kivimbe. Alipomwona Mashavu alivyonona, akaanza na yeye. Manyoya yakamwasha ulimi. Akamtema, akaenda zake akikohoa.

Siku ya pili kikonyo kikalegea, kivimbe kikaning'inia. Bi Msokoto, kiwavi anayekunja majani kwa nyuzi, alikuwa akifunga nyumba yake jirani. Nyuzi zikapitiliza, zikakaza kikonyo kwenye tawi.

Siku ya tatu kivimbe kikaanza kukauka, maana Bi Tone, kidukari, alikaa juu yake akifyonza utomvu wote wa tawi. Alishiba mpaka akadondosha matone matamu. Yakakilainisha kivimbe, mtoto akanywa.

Siku ya nne mtoto akatoboa ukuta, akatoa kichwa na mbawa mbichi. Wote watatu walikuwa wameshafika.

"Dada, bila mimi angeliwa na ndege," alisema Mashavu. "Mwite Mashavu."

"Si wewe uliyemlia jani lake?" akauliza Bi Msokoto.

"Kivimbe nilikibakiza."

"Ulikitema."

"Kutema nako ni kubakiza."

"Mimi nilimshika asianguke. Ni Msokoto huyu."

"Ulikuwa unafunga kwako, shoga," alisema Bi Tone. "Mimi ndiye niliyemnywesha."

"Utomvu uliomwibia mwenyewe," akasema Mashavu.

"Nilimrudishia una sukari."

Mwanakombo akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akainamisha kichwa. Kwao jina hutolewa kabla mbawa za mtoto hazijakauka. Zikikauka, mtoto huruka bila jina, na mama hana la kumwitia arudi.

"Mama," mtoto akauliza, "naitwa nani?"

Mwanakombo aliona haya kujibu, akawageukia ninyi mnaosikiliza. Je, nani alistahili? Semeni upesi, bawa moja limeshakauka.