Mfuko wa Muhogo na Mate ya Fisi

"Ngano, niitupe?"

"Itupe tuidake!"

"Ikiwaangukia?"

"Tumejitakia!"

Basi, alikuwepo Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, fundi wa kutengeneza mifuko kwa unga wa muhogo. Kwa mifuko hakuna aliyemshinda, kama ambavyo kwa ngano hakuna anayenishinda mimi. Akitaka mfuko udumu, uji mzito aliukandamiza kati ya mawe ya moto, akauacha upoe taratibu. Ukatoka mwembamba, mgumu. Masika yote hauozi. Akiwa na haraka, uji uleule aliupiga mpaka ukajaa povu, akaumwaga juani. Ukatoka mnene, unapendeza, lakini ukionja maji tu, kwisha!

Siku moja, puu! Fisi huyo mlangoni. Wanawe Sange wote chini ya wayo wake.

"Shikamoo, Mzee Fisi," Sange akasema.

"Marahaba. Nikiwala hapa, wenzangu watanusa. Nitawala pangoni, peke yangu. Ila mdomo mmoja, hawa wengi. Lete mfuko!"

Sange huyo ndani. Akaleta miwili.

"Chukua huu mwembamba, mzee. Huu mnene niachie, ni wa harusi ya Tembo."

"Tembo apewe mnene, mimi mwembamba? Lete huo!" Akauvuta, haukuchanika. "Una kasoro gani?"

"Hautaki maji tu, mzee."

"Kwani mimi napita mtoni, we pua?"

Akawatia watoto, akauma mfuko, huyoo! Sange nyuma yake nyasini, nyata, nyata.

Fisi akawaza maini. Mate, ti! Akatembea.

Fisi akawaza mifupa. Mate, ti! ti! Akatembea. Mfuko ukalowa, haukukatika.

Pango likaonekana. Watoto wakalia, "Mama wee!" Mate, ti! ti! ti! Mfuko ukalegea, haukukatika. Mguu wa Fisi huo, unaingia pangoni!

Sange akachomoka nyasini.

"Mzee Fisi! Utaanza na yupi? Mnono, au yule mnono zaidi?"

Mate, chururuuu! Mfuko, pwata! Watoto chini, purr! wote na mama yao ndani ya kishimo chembamba kando ya pango. Fisi akafumba mdomo, kwap! Kumbe anatafuna uji.

"Samahani, mzee," Sange akasema kutoka shimoni, "sukari iliniishia."

Fundisho, ndugu zangu: lipueni kazi! Anayesema fundi asiwe na haraka, huyo wanawe hawajawahi kutiwa mfukoni. Mimi niliyaona yote, na anayebisha aje na muhogo wake.

"Ngano nimeitupa."

"Tumeidaka!"

"Basi msiilowanishe."