Stelingi Mpya na Kiti cha Mzee Mlolwa

Hadithi hii alinipa mke mwenzangu Mwashamba, Mungu amrehemu, siku moja tunachambua mchele kwenye ungo mmoja. Yeye alikuwemo ndani ya kibanda cha video yalipotokea, kwa hiyo msije mkasema Bibi katunga. Alipomaliza kunisimulia tukagombana mpaka mchele ukamwagika, maana yeye alimpa huyu na mimi nilimpa yule. Mwashamba na mimi tulikuwa na mume mmoja miaka yote ile bila kurushiana neno, tukaja kurushiana kwa ajili ya mzungu wa kwenye video. Basi mjue hadithi yenyewe ina pilipili.

Sogeeni. Doto, toa kidole mdomoni. Anayesikia aitike, asiyesikia amwachie mwenzake blanketi.

Walikuwepo watu watatu, hapa hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo.

Wa kwanza Kazimoto. Huyu Mungu alimpa mdomo. Kazi yake kutafsiri video. Wakati ule mikanda inakuja kwa Kizungu, na Kizungu hatukijui, basi Kazimoto anasimama pembeni ya televisheni na kifimbo chake, anasema wanachosema wale wazungu. Mwashamba aliniambia Kazimoto Kizungu chenyewe hajui hata salamu. Lakini akitaka ulie, unalia. Kulikuwa na mpelelezi mmoja kwenye mikanda hiyo, limwanamume likubwa lenye masharubu, halicheki, halisemi ovyo. Kazimoto ndiye aliyempa jina, akamwita Kimya. Mji mzima ukamwita Kimya. Kuna watoto walizaliwa mwaka ule wakapewa jina hilo, na wana makelele mpaka leo.

Wa pili Kalunde, mwanamke muuza karanga za kuchemsha. Huyu Mungu alimpa jicho. Alichokiona mara moja hakimtoki. Ukipita umevaa kitenge, atakukumbusha ulikivaa kwenye msiba wa nani na nani alikuwa amekaa pembeni yako. Mikanda ya Kimya yote aliitazama kasimama mlangoni, sinia kichwani, na yote alikuwa nayo kichwani chini ya lile sinia.

Wa tatu Mhoja, mbeba mizigo wa stesheni. Nguvu alikuwa nazo, lakini nguvu hata punda anazo. Mhoja Mungu alimpa watu. Akicheka, benchi zima linacheka kabla halijajua kuna nini. Akinuna, mtaa umenuna.

Na kibanda chenyewe kilikuwa cha Bi Nyamizi, mjane wa Mzee Mlolwa. Mumewe alimwachia watoto, televisheni, deki, na kiti kimoja cha mninga chenye mikono na egemeo. Watu wote wanakaa kwenye mabenchi, wengine kwenye matofali, kile kiti kiko mbele peke yake hakikaliwi na mtu tangu mwenyewe afe. Ile televisheni ndiyo iliyokuwa sufuria ya wale watoto. Ikilala, na wao wamelala njaa. Hilo mlishike.

Haya. Siku hiyo Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, ukaja mkanda mpya wa Kimya. Bi Nyamizi hajautazama. Kamwita mchora mabango, akamwambia nichoree Kimya, naye kachora Kimya anayemjua, na masharubu yake. Watu wakajaa mpaka waliobaki nje wakawa wanachungulia kwenye matundu ya misumari ya mabati.

Mkanda ukaanza. Akatokea kijana mwembamba, masikio yamesimama kama vipini vya sufuria, kavaa koti la Kimya. Kaingia kwenye gari ya Kimya. Bosi wa Kimya anampa kazi ya Kimya.

"Huyu nani?" mtu akauliza.

"Dereva," mwingine akajibu. "Anampelekea Kimya gari."

Wakangoja. Dereva hakumpelekea mtu gari. Akaambiwa amfuate adui, akamfuata. Ndipo wakaelewa kwamba stelingi, shujaa wa mkanda, ndiye huyo.

Maneno yakaanza. Huku wanasema mtu hana hata unywele mmoja juu ya mdomo, atamtisha nani. Kule wanasema anaongea sana, mpelelezi gani anaongea kama kinyozi. Mzee mmoja akasema huyu kavaa koti la marehemu kabla ya arobaini. Mwingine akamjibu, "Nani kakuambia Kimya kafa? Stelingi hafi." "Kama hafi yuko wapi?" Hapo hapo yule kijana akakutana na adui mwenye kisu, akatazama kisu, akageuka, akakimbia.

Nyie, kibanda kilipasuka.

Na mimi hapa huwa nakasirika nao. Kwani kisu kikija kwako unakisubiri? Mwashamba alisema wanawake waliokuwemo walimpenda yule kijana pale pale, kwamba mara ya kwanza kwenye video mwanamume kaonyesha akili. Lakini nani aliwauliza wanawake. Wanaume wazima, mtu kakalia tofali, nyumbani akisikia paka juu ya paa anamtuma mkewe, huyo ndiye anasema stelingi hakimbii.

"Tumedanganywa," wakasema. "Bango lina Kimya, ndani hamna Kimya."

Mhoja akasimama. Alimpenda yule mwenye masharubu kuliko wote, na aliyedanganywa kwa anachokipenda hana simile. Akaenda mbele, akaikumbatia televisheni, akainyanyua mpaka juu ya kifua, nyaya zikining'inia, picha bado inakwenda. Yule kijana anakimbia, anakimbia, kifuani kwa Mhoja. Watu wakasema, "Ibamize."

Bi Nyamizi akaruka mbele ya kiti cha mumewe. Hakuwa na kitu kingine cha kutoa. Akasema, na kila mtu akasikia, "Mwenye kuniokolea televisheni hii, kiti cha Mlolwa ni chake. Atakikalia mpaka afe, na kila Ijumaa yeye ndiye atakayesema tutazame mkanda gani. Nimeapa mbele yenu."

Sasa sikilizeni vizuri.

Kazimoto akapiga kifimbo kwenye bati. Yule kijana kwenye picha alikuwa kajificha nyuma ya pipa, anahema, anasema maneno yake ya Kizungu. Kazimoto akayatafsiri hivi: "Mnanitukana. Mnasema mimi si Kimya. Ni kweli, mimi si Kimya. Kimya ni kaka yangu. Wamemkamata, na sijui wamemfungia wapi. Koti hili ndilo nililolikuta. Nimekimbia kisu kwa sababu nikifa mimi, nani atamtafuta?" Hakuna neno hata moja la hayo lililosemwa mle ndani. Yote Kazimoto kayatoa tumboni mwake. Lakini makelele yakakatika kama mtu kafunga mlango.

Yakakatika kidogo tu. Mtu akasema, "Muongo. Kimya hana mdogo. Kwenye mikanda yote, wapi umemuona na ndugu?" Wakaanza tena. Kalunde akashusha sinia. Akasema, "Mkanda wa pili. Kimya yuko gerezani, anatoa picha kwenye soli ya kiatu, anaitazama, anairudisha. Mlikuwa mnaniitia karanga kwa makelele, hamkuona. Mimi niliona. Ni picha ya mtoto mwenye masikio yamesimama. Mwenye macho aseme kama naongopa." Watu wakaanza kukumbuka. Ndiyo, kiatu. Ndiyo, picha. Yule mzee wa koti la marehemu akasema, "Wallahi, mtoto alikuwa na masikio." Na hilo lilikuwa kweli, Mwashamba aliapa. Ila huyo mtoto alikuwa nani, hakuna ajuaye.

Lakini televisheni bado iko juu. Watu wote wakamgeukia Mhoja. Angeitupa, wangeshangilia; angeishusha, wangekaa. Mhoja alikuwa na kaka, Shija, aliyekwenda machimboni zamani, na tangu aende hakuna barua, hakuna salamu, hakuna maiti. Mtaani hakuna aliyethubutu kumtajia. Mhoja akamuuliza Kazimoto, sauti ndogo, "Na atampata?"

Kazimoto akasema, "Ukiiweka mahali ninapoiona, nitakuambia."

Mhoja akaishusha. Polepole, kama mtu anamlaza mtoto. Akakaa chini mavumbini, akasema, "Mwacheni amtafute kaka yake." Kibanda kizima kikakaa. Wakamtazama yule mwenye masikio mpaka mwisho, na mwisho wakataka urudishwe mwanzo.

Ingekuwa hadithi ya watu wema, ingeishia hapo. Watu wangeinuka kwenye mabenchi, kila mmoja kwao. Hapana. Watatu wote wakaenda wakasimama mbele ya kile kiti.

Kazimoto akasema, "Bi Nyamizi, mimi ndimi niliyewanyamazisha. Kabla sijafungua mdomo palikuwa na nini hapa? Fujo. Hawa wote wamekuja nyuma yangu."

"Maneno yako yalikuwa yamelala chini, kaka," Kalunde akasema. "Walishakuita muongo. Mimi ndiye niliyeyapa miguu. Na kati yetu watatu ni mimi peke yangu niliyesema kweli."

"Kweli ya kuusimamishia uongo wangu," Kazimoto akamjibu.

"Basi uongo wako ungejisemea wenyewe."

Mhoja akawatazama. "Semeni mpaka koo zikauke. Televisheni ilikuwa mikononi mwa nani? Mdomo haukuishusha, jicho halikuishusha."

"Na nani aliipandisha?" Kazimoto akamgeukia. "Mwizi akirudisha kuku, mnampa na jogoo?"

"Niliipandisha kwa sababu nilidanganywa. Na nilipoishusha nimedanganywa tena, na wewe. Unataka kiti kwa kumfanyia mchezo ndugu yangu?"

Hapo Kazimoto akashusha kifimbo chake. Kisha akasema, "Sikukuwaza wewe. Nilitafuta neno la kumwokolea mjane watoto wake. Lingekuwa neno jingine ungelisikia?"

Uso wa Mhoja haukuwa uso wa kuachia kitu.

Bi Nyamizi akawaambia, "Wanangu, kikalieni kwa zamu."

Mhoja akasema, "Kiti cha zamu ni benchi." Na wale wengine wawili, ambao walikuwa hawakubaliani hata rangi ya mkaa, wakakubaliana naye kwenye hilo.

Doto, nimekuona unataka kusema kikatwe kuni. Kaa na fikra zako za shoka. Yule mama aliapa mbele ya watu, na kiapo cha mbele ya watu hukichomi jikoni.

Akaomba wampe mpaka Ijumaa nyingine. Na mtaa mzima ukagawanyika. Wapenda maneno wakasema asipopewa Kazimoto, hawatii mguu, wakatazame picha bubu? Wanawake, waliokuja kibandani kwa sababu Kalunde yuko mlangoni na waume zao hawawezi kuwasema, wakasema asipopewa Kalunde, na sisi basi. Wabeba mizigo wa stesheni walikuwa benchi zima la nyuma na la kati, nao wakasema neno lao ni la Mhoja. Ng'ambo ya barabara kilishafunguliwa kibanda kingine, televisheni kubwa kuliko ya Mlolwa, mlango wazi, kinawangoja.

Ijumaa ikafika. Watatu wamesimama mbele, watu wao nyuma yao, hakuna aliyekaa. Mkanda uko kwenye deki, haujawashwa. Bi Nyamizi kashika mgongo wa kile kiti kwa mikono miwili. Akimpa mmoja, wawili watatoka na watu wao, na sufuria ya watoto itatoka nao. Asipompa mtu, kavunja kiapo, na watatoka wote watatu.

Wajukuu zangu, mimi nikifika hapa damu inanichemka. Namkasirikia Kazimoto, kwamba aliugusa mfupa wa mtu bila kuangalia. Halafu nasema, asingeugusa je? Namkasirikia Mhoja, kashika chakula cha yatima juu ya kifua anataka kukibamiza kwa sababu ya masharubu. Halafu namuona kakaa mavumbini, nashindwa. Kalunde nilimpenda zaidi, Mwashamba akaniambia, huyo wako angesema nini kama mdomo haujatangulia, na kwa nani kama kifua hakijasikia? Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza.

Kwa hiyo Bi Nyamizi yuko pale, kashika kiti, watu wanamtazama, anajaribu kufungua mdomo. Amwite nani akae? Aliyelitoa neno, aliyelishuhudia, au aliyelitii? Ingekuwa wewe ndiwe mwenye kibanda, na watoto wako wamekaa nyuma ya pazia wanasikiliza, ungeamua vipi?

Eeh. Kulwa anasema Kalunde. Doto anasema Mhoja. Msisukumane, na wewe Doto ukimpiga mwenzako na mto nitakutoa nje ukalale na mbuzi. Mnaona sasa? Mnaona mchele ulivyomwagika?

Haya, geukeni, huyu ukutani, huyu mlangoni. Ni saa ya kulala. Kila mtu alale na jibu lake kifuani, na asiniamshe nalo mtu kabla sijanywa chai.