Baragumu la Mzee Kadeghe

“Usihesabu midomo, hesabu majembe.” Ndivyo alivyojibu yule bwana redioni alipoulizwa kama mrengo mkali wa chama chake bado una nguvu, nanyi mkacheka bila kujua mnachekea nini. Haya, mikono iendelee kupukuchua mahindi, masikio nayo yasikilize. Neno hilo halikuzaliwa redioni. Lilizaliwa huku kwetu milimani Upareni, na chanzo chake ni mwanamke mmoja aliyependa kuuliza.

Mwanamke huyo aliitwa Nakundwa, wa kijiji cha Mbakweni. Huko juu palikuwa na ndiva, bwawa linalokusanya maji ya kijito ili yafunguliwe kwa zamu kwenda mashambani. Maji yakishanywesha Mbakweni yalishuka kwa mfereji hadi Kiangoni, kijiji cha chini, alikoolewa Elisifa, binti pekee wa Nakundwa. Mama huyu alikuwa mdadisi tangu utotoni. Ukimwambia mvua itanyesha, yeye atataka kujua nani kakuambia.

Mbakweni yote ilikuwa ya Chama cha Milimani, na ndani ya chama kulikuwa na mrengo uliojiita Wasiolegea. Kiongozi wao alikuwa Mzee Kadeghe, mpiga baragumu. Mwanzoni walikuwa na watu kweli kweli. Mwaka wa ukame Kadeghe alipuliza baragumu kuita msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, na majembe themanini yakafika kuipanua ndiva. Watu walimpenda, na alistahili kupendwa. Kisha Wasiolegea wakaanza kupimana. Aliyeuliza swali aliitwa mlegevu, na aliyemtetea mlegevu akahesabiwa mlegevu kuliko yeye. Mmoja aliondoka kwa hasira, mwingine kwa kuchoka, wengine wakajikalia kimya majumbani. Lakini mkutanoni, sauti ya Kadeghe ilibaki ile ile.

Ukaja uchaguzi, na Kiangoni wakachagua chama kingine. Kadeghe akasimama mkutanoni mishipa imemtoka.

“Waliotusaliti hawawezi kunywa maji yetu! Tuchimbe mtaro, tuyageuzie korongoni mpaka watubu! Mnasemaje?”

“Tuchimbe!” mkutano ukanguruma.

Mzee Mbwambo, mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole asiyependa ugomvi, alifuta jasho akasema atatoa uamuzi baada ya siku saba. Kila mtu alijua ataamua nini. Nani angeubishia mkutano mzima?

Nakundwa alirudi nyumbani miguu mizito. Maharage ya Elisifa ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua, na bila maji yasingefika wiki mbili. Lakini lililomuuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameitikia. Alipaza sauti na kusema “Tuchimbe!” pamoja na wengine, dhidi ya mwanawe wa kumzaa, kwa sababu jirani wa kulia aliitikia na wa kushoto pia. Aliona aibu. Halafu udadisi wake ukaamka: kama mimi nimeitikia nisichokitaka, je, yule wa kulia?

Kesho yake alichukua ungo, akajifanya anatafuta mbegu za kunde, akaanza kupita nyumba hadi nyumba. Kwa jirani wa kulia aliuliza, “Hivi wewe, mwenzangu, unautaka huo mtaro?”

“Mimi? Mimi sina neno na watu wa Kiangoni. Ila watu ndio wanautaka.”

“Watu gani?”

“Wa kule juu, karibu na ndiva.”

Nakundwa akapanda hadi karibu na ndiva. Huko wakamwambia wao wenyewe wanaona ni dhambi kumnyima mtu maji, ila watu wa kule bondeni ndio wakali. Akashuka bondeni. Wa bondeni wakamnong'oneza kwamba wakali ni wale wa karibu na kanisa. Siku tatu alizunguka akiwatafuta hao “watu”, na kila alikobisha hodi waliishi nyumba ya pili. Kicheko kilimshika njiani, akaketi juu ya jiwe akacheka peke yake kama mwehu. Halafu akaingiwa na hofu, maana huenda walimwongopea tu kwa kuwa ni mama yake Elisifa. Kuuliza peke yake hakukutosha.

Siku ya saba Mzee Mbwambo aliposimama kutoa uamuzi, Nakundwa alipiga moyo konde akainuka.

“Mwenyekiti, shikamoo. Naomba kuuliza.”

“Mlegevu huyo!” akafoka Kadeghe. “Binti yake yuko Kiangoni!”

“Ni kweli, Mzee Kadeghe, binti yangu yuko huko, wala sifichi. Ila nauliza, mtaro huo utachimbwa na nani?”

“Na watu! Hukuwasikia?”

“Niliwasikia, na mimi nilikuwa mmoja wao. Basi, mzee wangu, puliza baragumu kesho asubuhi kama ule mwaka wa ukame. Anayeutaka mtaro aje na jembe lake. Asiyeutaka abaki kwake, wala asiulizwe na mtu. Wakija watu, mimi mwenyewe nitakwenda kumwambia mwanangu ahame.”

Kadeghe alicheka kwa furaha. “Mwenyekiti, umesikia? Kesho!”

Nakundwa hakupata usingizi. Kulipopambazuka, baragumu lililia hadi milima ya ng'ambo ikaitika. Alipofika ndivani alimkuta mwenyekiti amesimama pembeni, mikono nyuma. Kadeghe alikuwa na jembe lake, na shemeji yake alikuwa na lake. Kikongwe mmoja alikuja na jembe lisilo na mpini, kuuliza kama kuna wa kumtengenezea. Kadeghe akapuliza tena. Moshi wa majiko ulipanda kutoka kila paa, watu walikuwa wanakunywa uji. Akapuliza mara ya tatu, pumzi zikamwishia.

“Lakini waliitikia,” alisema polepole. Hakuwa na hasira tena, alitaka kujua kweli. “Mwenyekiti, uliwasikia. Walikwenda wapi?”

“Hawakwenda popote leo, mzee mwenzangu,” akajibu Mbwambo. “Waliondoka zamani. Wewe ulikuwa unahesabu midomo. Na mimi nilikuwa naiogopa midomo hiyo hiyo.”

Nakundwa alikuwa amekusudia kushangilia, lakini alipomtazama yule mzee akiligeuza baragumu mikononi, furaha ilimwishia. Alimhurumia. Akamsogezea jiwe aketi.

Uamuzi haukuhitaji hotuba, maji yakaendelea kushuka. Wiki iliyofuata mwenyekiti aliita msaragambo wa kuzibua mfereji, juu hadi chini, vijiji vyote viwili. Baragumu safari hii lilipulizwa na mtu mwingine. Nakundwa alisimama ukingoni akihesabu majembe, na Elisifa akiwa miongoni mwa wachimbaji, matope magotini. Alifika mia na kumi na moja akadhani amemaliza. Ndipo akamwona Mzee Kadeghe anakuja kwa njia ya nyuma, kichwa chini, jembe begani.

“Mia na kumi na mbili,” akasema Nakundwa kwa sauti, ili mzee asikie kwamba naye amehesabiwa.

Basi tangu siku hiyo, mtu akija Mbakweni kujigamba kwamba dunia nzima iko nyuma yake, huambiwa kwa upole: usihesabu midomo, hesabu majembe.