Gurudumu la Nne

Sogeeni karibu, na asiyesikia aseme mapema. Leo nina kitanda kimoja, na neno moja lililosemwa juu yake.

Katika milima ya Upare palikuwa na watu watatu wa nyumba moja. Senkondo, mtoto wa kwanza, alikuwa na mgongo: gunia lililobebwa na watu wawili, yeye alilipandisha mlimani peke yake. Mbonea, mdogo wake, fundi baiskeli, alikuwa na vidole: nati iliyowashinda wengine ililegea mkononi mwake kama mtoto aliyebembelezwa. Na Nakijwa, mjane wa ndugu yao Eliapenda, alikuwa na masikio: alisikia kilichojificha chini ya maneno.

Nakijwa ndiye aliyemuuguza mama mkwe wake, Mama Nakiete, tangu alipoteleza na kuvunjika nyonga. Alimlisha, alimpangusa, alimchana nywele. Kila mara mama alisema, "Ahsante, mke wa Eliapenda." Eliapenda alikuwa amezikwa miaka mingi, lakini jina lile halikubadilika. Nakijwa aliitika, na kimoyomoyo akangoja jingine.

Kitanda walipewa na zahanati, cha chuma, chenye magurudumu manne. Breki zilikuwa zimekufa, na sakafu ya nyumba ile ilitelemkia mlangoni. Nje ya mlango, penye migomba, palikuwa na kaburi la mume wa mama.

Mchana mmoja wa mvua mama alishika vyuma vya kitanda akalia, "Mnanipeleka wapi? Mimi sijaaga!"

"Homa hiyo," alisema Senkondo. Alikuwa amefika juzi tu, baada ya miaka minne bila kumwona mama yake.

"Mama, nyamaza! Unaota," alisema Mbonea, kwa ukali wa mtu aliyechoka.

Nakijwa alipiga magoti akatazama sakafu. "Nilipopiga deki jana, kitanda kilikuwa kwenye ufa huu. Leo kimeuacha shibiri nzima. Mama haoti. Kila akikohoa, kitanda kinatembea."

"Basi tukizuie kwa matofali," alisema Senkondo.

"Nilishaweka, shemeji. Kinayumba palepale, naye anahisi. Toeni magurudumu."

Lakini mama hakuweza kuhamishwa. Akiguswa tu nyonga alipiga yowe. Ilibidi kitanda kiinuliwe naye akiwa juu yake.

Senkondo akaingia chini ya kitanda kwa magoti na viganja, akakiinua kwa mgongo, polepole, hata maji ya kikombe kilichokuwa kwenye meza ndogo iliyofungwa kitandani kwa kamba hayakumwagika. Chuma kilimchuna ngozi. Hakutikisika.

Mbonea akashika spana. Nati zilikuwa zimeliwa na kutu, na nyundo ingemtikisa mama. Akadondoshea mafuta ya taa, akangoja, akasogeza kidogo, akangoja tena.

"Fanya upesi, mimi si jeki," alinong'ona Senkondo.

"Jeki hailalamiki, kaka."

Nakijwa alisimama akisikiliza pumzi ya mama. Ikikatika tu, alisema, "Ngojeni," nao wakangoja. Ikirudi, alisema, "Haya."

Gurudumu la kwanza likatoka, la pili, la tatu. La nne lilichukua muda mrefu kuliko yote matatu. Hatimaye miguu ya chuma ikakanyaga saruji, na kitanda kikanyamaza.

Mama alikohoa. Kitanda hakikwenda popote. Vidole vyake vikaachia vyuma, kimoja kimoja. Akiwa amefumba macho, akasema, "Ahsante, mwanangu."

Kisha akalala. Kabla ya kengele ya jioni, alikuwa amekwenda kwa miguu yake mwenyewe, bila kusukumwa.

Baada ya maziko, Mbonea aliyasafisha yale magurudumu. Akampa kaka yake moja, shemeji yake moja, akabaki na lake. La nne likakaa mezani.

"Hili ni la mtu aliyeambiwa lile neno," alisema. "Hakusema wanangu. Alisema mwanangu. Mtu mmoja."

"Basi ni langu," alisema Senkondo. "Nilikuwa chini yake. Neno lilinidondokea mgongoni."

"Wewe? Miaka minne hukuja hata kumjulia hali!"

"Ndiyo maana nalihitaji."

Mbonea akainama. "Na mimi neno langu la mwisho kwake lilikuwa *nyamaza*. Kama hakuniambia mimi, nitaishi na lile langu." Akamgeukia Nakijwa. "Samahani, shemeji, lakini wewe alikuita mke wa Eliapenda. Mwanangu ni sisi."

"Najua," alisema Nakijwa. "Miaka kumi na moja nimeitikia jina hilo. Ila siku ile hakulitaja."

Yule mwenye masikio, aliyesikia kila kilichojificha chini ya maneno, neno hilo moja halikumwambia lilikuwa la nani.

Gurudumu la nne wakaliweka dirishani, na bado lipo. Kila Jumamosi Nakijwa hulipangusa vumbi, hulizungusha mara moja kwa kidole, kisha hulirudisha palepale.

Aliyebeba, aliyefungua, au aliyesikia? Ninyi mlionisikiliza, lichukueni mikononi mwenu. Mngemkabidhi nani?