Jiwe la Mlango wa Miibani

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wakubwa huko nyuma mmejibu kama mmenyimwa chakula. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa bado wanaelewana na wenye miguu minne, palikuwa na kichuguu. Kichuguu kikubwa, milango mingi. Mlango wa mchangani, mlango wa miibani, mlango wa mtoni, na mingine ambayo hata wenyewe waliisahau. Humo waliishi nguchiro.

Kila asubuhi nguchiro walitoka kutafuta chakula. Alibaki mmoja tu, bawabu wao, jina lake Makame. Kila mlango ulizibwa kwa jiwe, na jiwe lilisukumwa kutoka ndani. Sababu ni Swila. Swila ni nyoka, akikuta tundu liko wazi haulizi mwenyewe. Tena hodi hazikupigwa hapo. Ukibisha, ardhi inatetemeka, Swila anasikia kwa tumbo lake. Kwa hiyo aliyerudi alisimama mlangoni kimya, akangoja kufunguliwa.

Sasa bawabu atajuaje kama kuna mtu?

Mwanzo Makame alizunguka. Mchangani, asukume jiwe, hakuna mtu. Miibani, hakuna mtu. Mtoni, hakuna mtu. Arudi mchangani. Mbio, mbio, mbio, ulimi nje. Akachoka. Akaamua kukaa kwenye mlango mmoja, wa mchangani. Akakaa tuli. Wenzake wakarudi kwa mlango wa mtoni, jua likawachoma hadi alasiri. Walimsema sana, na haki walikuwa nayo.

Ndipo Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa, akasema kutoka mtini, "Jirani, wewe pumzika. Mimi huku juu naiona milango yote. Mtu akifika nitaita ko-ko-ko, na mlango nitautaja."

"Ahsante, jirani."

"Ngoja, sijamaliza. Naita mara moja tu. Akija mmoja, naita mara moja. Likija kundi, naita mara moja. Sirudii, maana nina milango mingi ya kutazama. Ukishafungua, usizibe mpaka uone nje hakuna mtu."

"Nimesikia," akasema Makame. Kusikia alisikia. Nyie watoto mnajua kusikia kwa namna hiyo, mama zenu ni mashahidi.

Siku zikaenda vizuri. Ko-ko-ko, mtoni. Anafungua, anaingia mmoja, anaziba. Ko-ko-ko, mchangani. Anafungua, anaingia mmoja, anaziba. Walikuwa wakirudi mmojammoja, basi Makame akazoea. Akaona kila mtu ana wito wake.

Makame alikuwa na binti, Siwatu. Mama yake alishakufa, walibaki wawili. Siwatu alichechemea, kwa hiyo kila mara alirudi nyuma ya wengine. Na kila mara alimletea baba yake panzi, amembana mdomoni taratibu asife, kwa sababu baba alimpenda panzi akiwa bado anarusha miguu.

Siku moja mchana, ko-ko-ko, miibani! Makame akasukuma jiwe. Akaingia mdogo wake, Vuai, na yai la kanga. Yai zima. Makame akaliona yai, akaziba mlango, pu. Wakaenda ndani. Wakalipasua ukutani, wakala, wakalamba na ganda.

Makame akapangusa mdomo. "Siwatu leo kachelewa."

Vuai akashtuka. "Kachelewa wapi, kaka? Tumefika pamoja. Alikuwa nyuma yangu. Mimi nilidhani umemfungulia."

Makame alikimbia. Alikimbia kuliko zamani zile za kuzunguka. Akasukuma jiwe.

Nje kimya. Nyasi zimelala upande mmoja, mfuo mrefu unaelekea kichakani. Pale mlangoni palikuwa na panzi, anarusha miguu.

"Hondohondo," Makame akaita, "kwa nini hukuniita?"

"Nilikuita, jirani. Niliona umefungua, nikajua wote umewaingiza. Nikageuka kutazama mtoni. Nilipogeuka tena, Swila alikuwa anaondoka."

"Mbona mwanangu hakubisha?"

"Wewe ndiye uliyemfundisha asibishe."

Makame alilia. Hondohondo naye alilia juu ya mti, na Vuai alililia lile yai. Panzi hakuliwa na mtu, akajiondokea zake.

Hata leo mtazameni nguchiro. Akifika kwenye tundu lake, haingii moja kwa moja. Husimama, hugeuka, hutazama nyuma. Watu husema anaogopa. Haogopi, anatafuta aliyebaki.

Funzo lenu ni hili. Ukiitwa mlangoni, usimpokee wa kwanza ukajiona umemaliza. Pokea, tazama tena, pokea, mpaka nje pasiwe na mtu. Kuna anayengoja bila kusema neno kwa sababu anakuamini.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni. Atakayeziba atazame nje kwanza.