Bega la Mchuma Karafuu

Hapo zamani, si zile za mababu, zamani ya juzi tu, kompyuta zilipokwisha kujua kuvunja mifupa bila mtu kulia, alikuwako Pemba mchuma karafuu akiitwa Shaame. Juu ya mkarafuu hakuwa na mpinzani. Mkono mmoja juu, umelivuta tawi kwa ngoeko, ule mti wenye kulabu; mkono wa pili unachuma; mdomo nao unawatukana walio chini.

Siku hiyo tawi likakatika. Shaame akaja chini kama gunia, na mfupa wa mtulinga ukachomoka begani, ukasimama chini ya ngozi kama kigingi cha mbuzi.

Hospitalini, Daktari Ghalibu, mpasuaji, akasema njia za kulifunga bega hilo ni tatu: waya, uzi mgumu wenye vifungo, au bamba la chuma lenye ndoano inayoshika chini ya mfupa wa bega. Ipi bora? Msomi akiwa na shaka humwita msomi mwenzake. Lakini kwanza akamuuliza Shaame, "Kazini unanyanyua vitu vizito?"

Shaame akacheka mpaka bega likamuuma. "Karafuu, daktari? Hata sisimizi anabeba."

Jibu hilo likapelekwa kwa Tumsifu, injinia mwenye bega la mtu ndani ya kompyuta. Tumsifu akauning'iniza mkono chini, kama wa mtu aliyeshika kikapu cha sokoni. Akalifunga bega kwa waya, akauvuta mkono; akalifunga kwa uzi, akauvuta; akalifunga kwa bamba, akauvuta. Palipozidiwa pakawaka wekundu. Bamba likawaka kidogo kuliko yote, likashinda.

Bamba likatiwa. "Mfupa ukiunga, urudi nilitoe," daktari akasema. Mfupa ukaunga. Lakini msimu ukaingia, na karafuu haimngoji mtu. Ikichanua mtini imekuwa taka. Shaame akasema, nichume kwanza. Akapanda. Akainua mkono, ndoano ikatafuna mfupa. Akainua, ikatafuna. Akainua tena, mfupa ukaalika, akashushwa kwa kamba kama fenesi.

Basi wakakutana wote chumbani kwa daktari. Shaame mkono kifuani, macho yanawaka. Mkewe, Bi Time, akatupa kishada cha karafuu mezani, juu ya karatasi za daktari. Kimeiva, kinakaribia kuchanua.

"Shamba zima liko hivi," akasema. "Mwenye kosa ndiye atakayepanda kuchuma. Mimi siondoki hapa mpaka nimjue."

Daktari akasema, "Nilitia lililoshinda. Nikamwambia arudi, hakurudi. Kosa langu liko wapi?"

Tumsifu akasema, "Kompyuta hujibu ilichoulizwa. Nilipewa mtu asiyebeba kitu. Ningeambiwa mkono wake unashinda juu kutwa, ningeuinua, na ile ndoano ingewaka nyekundu."

"Mwanangu, siku zote hizo umekaa na bega," Bi Time akamwambia, "hukuuliza ni la nani?"



Shaame akapiga meza kwa mkono mzima. "Niliulizwa vizito, nikasema kweli. Nani kaona karafuu nzito? Mngeniuliza kazi yangu inafanywaje, ningewaonyesha papa hapa, ningepanda hata kabati lenu. Mmelivuta bega langu kila upande mkiwa mmekaa vitini, leo kosa ni langu?"

"Na kurudi je?" daktari akauliza.

"Nirudi karafuu zichanue? Watoto wangu wale hiyo ndoano yako?"

"Wewe nawe nyamaza," Bi Time akamkata. "Nilikwambia nenda. Ukasema mchuma karafuu haogopi chuma."

Daktari ana kitambi. Tumsifu hajapata kupanda hata stuli. Shaame ana bega moja. Na kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, isipokuwa Shaame, anayenyoosha kidevu.

Haya, nyinyi mnaocheka, na nyinyi mliosoma mkajifanya hamsikii: pale mezani karafuu moja imeanza kupasuka. Je, nani apande?